Macho Siyarudii

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa Baba mliofika kumsindikiza, familia inawashukuru kwa moyo wote. Kabla sijaanza, naomba niseme neno kuhusu picha iliyo kwenye jalada la kijitabu mlichoshika, maana nimewaona mkinong'onezana. Ndiyo, kola imepinda. Ndiyo, jicho moja limefinywa kuliko jingine, na mikunjo ya paji la uso ni ile ile mliyoizoea. Mchapaji aliniuliza kwa adabu, "Dada, nimsafishe mzee kidogo? Ni dakika mbili tu kwenye kompyuta." Nikamwambia amwache. Akauliza kama nina uhakika, kwa sababu wote wanaompelekea kazi za misiba huomba wasafishiwe wapendwa wao. Nikamjibu nina uhakika, na sababu yake mtaisikia humu humu.

Mimi ninayesoma ni binti yake mkubwa, fundi cherehani. Wadogo zangu wawili walinisukumia kazi hii kwa kisingizio kwamba mimi ndiye mwenye mdomo. Marehemu mwenyewe aliacha maagizo. Tulipokwenda kumzika mwenye nyumba wetu wa zamani, mtu aliyemng'olea mpangaji mlango akiwa ndani anaoga, tulisomewa wasifu wa mtu mpole, mkarimu, mpenda wapangaji. Baba akaniinamia sikioni: "Twende zetu. Tumekosea msiba." Njiani kurudi akasema, "Siku yangu ikifika usiniongezee, usinipunguze." Nimejitahidi. Mwongozaji wa ratiba amenipa dakika kumi na tano, namwomba asiwe ananitazama na saa mkononi. Kwa desturi nitamwita marehemu, na ikinishinda nitamwita Baba.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne kati ya watoto saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa kinyozi na mama yake alikuwa akifua mashuka ya hoteli. Kati ya wale saba leo amebaki mmoja tu, shangazi yetu, ambaye ameketi hapa mbele na amenionya nisithubutu kutaja umri wake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963. Hesabu zilimpiga chenga na mwandiko wake ulihitaji msomaji mwenye huruma, ila kuchora kulimtoka bila kufundishwa. Mwaka 1964, baba yake alimpa ubao na makopo ya rangi achore vichwa vinne vya kuonyesha mitindo ya nywele nje ya kibanda chake cha kunyolea. Babu alitaka vichwa tu. Alichopewa ni majirani wanne. Watu walisimama barabarani wakiwataja mmoja mmoja, na mke wa muuza mkaa alimtambua mumewe kwa kisogo. Muuza mkaa alikuja juu, kwa sababu upara wake ulikuwa umeonyeshwa kwa uaminifu mkubwa mno. Babu akamwita mwanawe, akamwambia, "Mimi hapa nauza mitindo, siuzi watu. Mpe mwenzako nywele." Marehemu alimpa nywele, kisha akakaa siku mbili bila kumsemesha baba yake. Shangazi anasema hata maji ya kunywa alikuwa akimwomba kupitia kwa mtu mwingine.

Aliendelea na sekondari mwaka 1965 hadi 1968, kisha chuo cha ufundi miaka miwili, akahitimu uchoraji wa ramani. Januari 1971 aliajiriwa katika ofisi ya upimaji ardhi. Alikaa huko miaka saba, kwenye meza ya mteremko karibu na dirisha, akichora mipaka ya viwanja vya watu. Huko, alisema, alijifunza kwamba mstari ukihama upana wa unywele, ndugu wawili watafikishana mahakamani. Lakini pembeni ya karatasi za majaribio alichora nyuso za hao ndugu walipokuja kugombana, na mkuu wake alipoziona alimwambia waziwazi kwamba ofisi inalipia mipaka.

Basi akaacha kazi. Jumatatu ya tarehe 3 Aprili 1978 alifungua chumba chake cha kuchora, cha mbele, chini kabisa ya ghorofa, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na ofisi ya wakili. Wengi wenu mmekaa mle. Mnakijua kile kiti chenye mkono mmoja, ule ukuta wa kijivu, lile dirisha kubwa la kushoto ambalo hakuruhusu mtu alitundikie pazia. Mnayajua pia maneno aliyoanza nayo: "Kaa. Tulia. Geuka kidogo." Ndiyo maana mtaa mzima ukambatiza Mzee Geuka Kidogo, akiwa bado hajafika hata miaka thelathini. Jina lilimganda. Hata barua za benki niliwahi kuona zimeandikwa hivyo kwenye mabano.

Uso mmoja ulimchukua vikao saba. Cha kwanza hakushika brashi, mlikuwa mnapiga soga tu. Mwisho wa soga aliuliza swali lake lile lile: "Nikuchore ulivyo, au unavyotaka?" Aliniambia kwamba katika miaka yote ile watu wote walijibu "nilivyo," na kwamba karibu wote hawakumaanisha. Hakuwalaumu. Picha ikikamilika, mteja alikuwa na haki ya kuomba marekebisho, na marehemu alirekebisha bila kununa. Kidevu cha pili alikiondoa. Pua aliipunguza. Bwana mmoja aliomba aongezwe mabega, akaongezwa, na mkewe akarudi kuomba yapunguzwe. Kitu kimoja tu hakukigusa. "Pua nitakupunguzia," alikuwa akisema, "ila macho siyarudii." Ukibisha sana alikurudishia chochote ulichotanguliza, mkaagana vizuri.

Kila picha iliandikwa katika daftari lake kubwa jeusi. Humo aliandika mwenye uso ni nani, aliyeagiza ni nani, vikao vilikuwa vingapi, na kilichobadilishwa ni nini na kwa ombi la nani. Nitawasomea moja, na mhusika amenipa ruhusa kupitia kwa mjane wake. Kamati ya shule moja iliagiza picha ya mwalimu mkuu ya kutundika ukumbini. Marehemu alimchora kama alivyomwona, mtu aliyefukiwa na madaftari yasiyosahihishwa kwa miaka ishirini. Kamati ikakataa. "Huyu anaonekana ameonewa," wakasema. Marehemu akamtanua kifua, akamnyoosha tai, akampa suti mpya. Wakasema bado, tatizo ni macho. Akawaambia macho hayarudii, ila kama wanapenda anaweza kumvika miwani. Katika daftari ameandika: "Miwani imeongezwa kwa ombi la kamati. Mwalimu haoni vibaya." Picha ile ipo ukumbini hadi leo, na mwalimu yule hakuwahi kumiliki miwani maishani mwake.

Mke wake alimpata kwa ugomvi. Mama yetu alikuwa opereta wa simu, na baba yake, babu yetu wa upande ule, alikuwa mkuu wa stesheni. Alipostaafu, wafanyakazi wenzake waliagiza achorwe. Oktoba 1978 Mama aliingia kwenye chumba cha kuchora na ile picha imefungwa kwenye shuka.

"Wewe ndiye uliyemchora baba yangu?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu ukae."

"Sikai. Baba yangu si mwoga."

"Mimi sijasema ni mwoga."

"Sasa haya macho ni ya nani? Watu wanakuja kumpongeza, wanamkuta ukutani kama mtu aliyesikia mlio mbaya!"

Marehemu hakujitetea. Alimuuliza yeye hutoka kazini saa ngapi. Mama akasema inategemea zamu, mara nyingi giza likiwa limeshaingia. Marehemu akamweleza kwamba mzee alipokuwa akikaa pale jioni aliuliza saa kila baada ya dakika tano, na kila aliposikia hatua za mtu nje aligeuza shingo. "Nilimwomba atulie," akasema, "akaniambia, nina binti hajarudi." Mama akakaa kwenye kile kiti bila kukaribishwa tena. Aliirudisha picha nyumbani ilivyo, na baada ya wiki akarudi bila picha. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1979. Mama alikuwa akikisimulia kisa hiki kila alipotaka kumkera mumewe, na mwisho wake ulikuwa ule ule: "Nilikwenda kumgombeza, nikasahau nilichofuata."

Mungu aliwajalia watoto watatu. Mimi nilizaliwa mwaka 1981, mdogo wangu wa kiume, fundi umeme, mwaka 1984, na kitindamimba wetu, ambaye ni mwalimu, mwaka 1990. Kama mzazi, alikuwa na mapungufu yake, na nimeagizwa nisiyapunguze. Alisahau siku za kufungua shule. Alituita majina ya wateja. Chai aliiweka pembeni mwa kibao cha rangi na brashi akaichovya humo humo, kisha akainywa, na tulipopiga kelele alisema hajaona tofauti. Akiwa anakutazama hukujua kama anakusikiliza au anapima umbali kati ya pua na mdomo wako. Nilipokuwa msichana kitu hicho kilinikera kupita kiasi. Nilimwambia siku moja, "Baba, mimi ni mtoto wako, si mteja." Akajibu, "Mteja namwangalia vikao saba tu."

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa kawaida ungesema mkewe aliugua, akamtangulia, na ungepita. Mimi siwezi kupita.

Mama aliugua kuanzia Agosti 2009. Ilikuwa saratani, na ilimmaliza taratibu. Februari 2010 marehemu alihamishia stendi yake ya kuchorea chumbani kwao. Walifunga mlango. Vikao vilikuwa vifupi, robo saa, nusu saa, kadiri mgonjwa alivyoweza. Sisi tulikaa sebuleni tukisikia sauti zao zikipanda na kushuka. Kikao cha saba kilikuwa mwishoni mwa Aprili. Mama alifariki Jumapili, tarehe 2 Mei.

Nilipoiona ile picha, nilichukia. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kilemba kilikuwa kimelegea, kimeteleza upande mmoja. Yote hayo ningeyavumilia, maana ndivyo alivyokuwa. Lakini macho yalikuwa na hasira. Mama yangu hakuwa na hasira. Wiki zile za mwisho mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha, na mbele yangu alitabasamu kila asubuhi. Nilimwambia marehemu mbele ya mdogo wangu wa kiume, "Huyu si Mama. Umejichora wewe, Baba. Hasira ni yako, umembandika yeye." Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Kaa nayo kwanza." Nilikataa isiwekwe mazishini, nikaifunika kwa shuka. Nilikuza picha ya kamera ya harusi ya binamu yetu, Mama anacheka, nikaiweka hiyo.

Baadaye marehemu aliitundika sebuleni. Wageni walikuja kutupa pole, wakakaa chini yake wakiyakwepa yale macho. Mimi nikawa nakaa kiti kinachoipa mgongo. Mimi ni fundi nguo. Mteja akiniambia nguo imembana, sibishani naye, naifumua. Nikaanza kujiambia kwamba na ile nayo inafumuliwa.

Septemba 2010 marehemu alilazwa siku kumi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku ya pili niliishusha picha, nikaipeleka kwa fundi wa mabango ya maduka, pamoja na ile picha ya harusi. Fundi yule hana kosa na simtaji. Aliniuliza mara mbili, "Una hakika, mama? Hii ni kazi ya mzee." Nikamwambia mzee ndiye aliyenituma. Akajaza mashavu. Akanyoosha kilemba. Akayafunika macho yale, akaweka mengine, laini, yenye kicheko kwa mbali. Siku ya nane ilikuwa imerudi ukutani. Nilijiambia mgonjwa wa macho hatatambua.

Marehemu alirudi nyumbani tarehe 24 Septemba, bandeji zikiwa zimetolewa asubuhi ile. Alisimama mbele ya picha. Nilikuwa nyuma yake na sinia la chai. Akasema, "Leo anaonekana amelala vizuri." Akaomba chai yake, akanywa, akaenda kupumzika. Desemba kitindamimba wetu alikuja likizo kutoka chuoni, na kwa kuwa mwezi Mei picha ilikuwa imefunikwa, ndiyo kwanza alikuwa anaiona. Akasema, "Jamani Baba, umemchora Mama vizuri!" Marehemu akamjibu, "Mshukuru dada yako." Mimi nikajifanya nimeitwa jikoni. Mdogo wangu wa kiume, ambaye aliyajua macho ya mwanzo, aliniangalia, nikamwangalia, naye akaenda kunawa mikono. Hatukulizungumza tena.

Tangu Septemba ile marehemu hakuchora tena uso wa mtu. Wateja walikuja, akawaelekeza kwingine kwa heshima zote. Alibaki akitengeneza fremu, akizipaka vanishi, akizipiga misumari midogo kwa nyundo ya babu yetu. Watu wote walisema ni macho, madaktari wamempasua vibaya. Hata daktari alishangaa, kwa sababu vipimo vilionyesha anaona vizuri kuliko mimi. Mimi sikushangaa. Kwa miaka kumi na minne nilimsikia kila mtu akisema ni macho, na nikaitikia, "Ndiyo, ni macho."

Tarehe 19 Januari mwaka huu, 2024, marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Alilazwa mara tatu. Namshukuru kila muuguzi wa ile wodi ya wanaume, hasa yule aliyekubali kugeuza kitanda ili mwanga umwingilie kutoka kushoto. Alhamisi, tarehe 8 Agosti, nilifunga duka mapema nikaenda nimejiandaa. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu kwenye cherehani wiki nzima. Nikakaa, nikamshika ule mkono mzima, nikaanza, "Baba, ile picha ya Mama..."

Akasema, "Geuka. Kidogo."

Nikageuka kuelekea dirishani. Alinitazama muda mrefu, kwa utaratibu wake ule, paji la uso, pua, kidevu, kisha macho, akabaki hapo kwenye macho. Nikahisi machozi yananishuka na sikuyafuta, kwa kuwa mtu akikaa kwa Baba haruhusiwi kutikisika. Muuguzi akaingia kupima presha. Nikasema moyoni, kesho. Ijumaa nilikuwa na nguo za harusi za watu. Jumamosi homa ya mapafu ikampanda, hakutambua mtu. Marehemu alifariki dunia Jumapili, tarehe 11 Agosti 2024, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano na miezi mitano kasoro siku tatu.

Jumatatu nilikwenda kwenye chumba cha kuchora kutafuta cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu nilitaka tarehe za wasifu huu ziwe sahihi. Cheti nilikikuta ndani ya lile daftari jeusi. Picha zimefika mia sita na kumi na mbili. Ya mwisho kabisa ni ya Mama. Naisoma kama ilivyoandikwa.

"Mwenye uso: mke wangu. Aliyeagiza: yeye mwenyewe. Vikao: saba. Nilimuuliza swali. Amesema: nilivyo, na usinitengeneze. Amesema mbele ya watoto anatabasamu ili wasiogope, ila humu ndani hatatabasamu. Amesema: nataka siku moja wajue kwamba sikutaka kuondoka. Kwamba niligombania kubaki nao."

Ndugu zangu, ile hasira ilikuwa yake. Haikuwa ya Baba. Mama aliagiza ichorwe kwa ajili yetu watatu, na mimi nikaifunika kwa rangi ya mabango.

Chini yake, kwa wino mwingine, kuna tarehe 24 Septemba 2010, siku aliyotoka hospitali. "Marekebisho: mashavu, kilemba, macho. Kwa ombi la binti yangu mkubwa. Amemkumbuka mama yake akicheka na ana haki. Isirudiwe. Sitamuuliza, akitaka kusema atasema."

Nilimpigia yule fundi wa mabango. Alisema kwa masikitiko kwamba rangi ya juu ikikwanguliwa itaondoka na ya chini. Picha ya kamera ya siku zile hatuna, kwa kuwa marehemu alikuwa hataki kazi zake zipigwe picha. Macho yale sasa yamebaki vichwani mwa watu watatu walioyatazama vizuri, mimi, mdogo wangu wa kiume, na fundi. Kitindamimba wetu hakuyaona kamwe. Nilimweleza yote Jumanne jikoni, nikingoja anichambe, na ningestahili. Alilia, kisha akaniuliza, "Yalikuwaje, dada?" Nikamweleza. Jumatano akaja tena: "Hebu nieleze tena. La kushoto lilikuwaje?" Jana pia. Leo asubuhi, tukiwa tunavaa nguo za msiba, aliuliza tena, na nikagundua kwamba kila nikieleza naongeza kidogo au napunguza kidogo, na sina tena mahali pa kulinganisha.

Picha iliyoegemezwa pale kando ya jeneza ni hiyo. Mtakapopita kutoa heshima zenu, mkimwona Mama anacheka, mjue kicheko ni kwa ombi langu.

Baba, ni mimi niliyeibadilisha. Nimechelewa. Nimesema.

Marehemu ameacha watoto watatu, mkwe wa kiume mmoja, wakwe wa kike hakuna bado, na fundi umeme analijua hilo, wajukuu wanne, dada yake mmoja ambaye umri wake haujatajwa, na nyuso mia sita na kumi na mbili katika kuta za watu, nyingine zikiwa na nywele zisizo zao na miwani isiyo na kazi, ila macho ni yao, isipokuwa mawili.

Mwenyezi Mungu ampokee alivyo. Apumzike kwa amani.